Mwenyekiti Wetu na Kitu cha Akina Mama

Yeyote anayesema Mwenyekiti wetu aliuza kitu cha akina mama, aje aniambie mimi usoni. Nipo Mtinko, kibanda cha fundi simu, hunikosi. Maana pale msibani kwake nilimsikia jamaa mmoja, sahani ya wali wa msiba iko mkononi, anamnong'oneza mwenzake: "Huyu mama si ndiye aliyeuza kile kitu kwa watu wa makumbusho?" Yaani unakula chakula cha mtu huku unamtafuna mwenyewe. Nilinyanyuka. Wakanishika watu, wakaniambia tulia, hapa ni msibani. Nikatulia, ila nikaapa nitasema. Nitasema yote niliyoyaona, na lile moja ambalo sikuliona, kwa sababu kesi nzima ilikuwa hapo kwenye lile ambalo sikuliona.

Alizaliwa lini, ukoo gani, ameacha wajukuu wangapi, hayo yalisomwa makaburini na kila mtu amesikia. Mimi nina yale ambayo hayakusomwa.

Alikuwa mfupi, anatembea kama mtu anayefukuza kuku wa jirani. Miguuni raba za kiume, juu sweta la kwaya, hata jua la saa saba liwe kali namna gani. Upepo wetu wa Singida mnaujua, unaweza kumvua mtu kofia na heshima kwa pamoja, lakini kanga ya Mwenyekiti sijawahi kuiona imepeperuka. Aliifunga fundo moja kifuani, fundo hilo likawa limefungwa kweli.

Nilimjua kwa sababu ya redio. Aliniletea redio yake imekufa, nikaifungua, ndani mende wamejenga mtaa. Akasimama nyuma ya shingo yangu, anaangalia kila skrubu ninayotoa.

"Unajua unachofanya au unabahatisha?"

"Nabahatisha, mama."

"Basi bahatisha taratibu."

Redio ikapona. Mimi shule yangu iliishia la saba, ufundi sijafundishwa na mtu, nimejifunza kwa kuharibu simu za watu na kukimbizwa. Wateja wengine walikuwa wakisikia hivyo wanachukua simu yao wanaondoka. Yeye alirudi kesho yake na simu ya jirani, kesho kutwa na pasi, na baada ya wiki akaniambia: "Kuanzia leo wewe ni katibu mwenezi wa kikundi." Kikundi gani, sijui. Kumbe ni kikundi cha mila na historia ya wazee wetu, wanachama ni wale wamama na wazee ambao mimi nilidhani wanakutana kwa ajili ya vikoba. Nikamwambia mimi mila sizijui. Akasema, "Mdomo unao. Mila tutakupa."

Alinipa na jina, Kiberiti, kwa sababu ya hasira zangu. Nikianza kubishana na mtu, anainua kidole tu: "Kiberiti, rudi kwenye boksi." Na mimi, mtu ambaye hata mtendaji wa kijiji hanitulizi, nilikuwa narudi.

Sasa msije mkadhani nampamba. Huyu mama alikuwa na vituko. Alichukia watu wanaochelewa, na hakuna aliyechelewa kumzidi, kwa sababu njiani alikuwa anasalimia kila kiumbe chenye masikio, habari za nyumbani, za mifugo, za kisima, mpaka mkutano unafikia mengineyo ndiyo anaingia, anauliza kwa ukali, "Mbona mmeanza bila utaratibu?" Alikuwa mzee wa kanisa, Jumapili anakaa benchi la mbele anamwangalia mchungaji kama anasahihisha. Na huyohuyo ndiye aliyekuwa anayajua mambo ya akina mama wa Kinyaturu wa zamani, yale ambayo kanisa lilishayasema sana. Nilimuuliza siku moja anavipatanishaje. Akaniuliza, "Wewe simu moja unaweka laini ngapi?" Nikasema mbili. "Zinagombana?" Akaendelea kuchambua mlenda.

Na uongo alikuwa anausema. Alitukataza sisi, lakini yeye alisema. Siku ya safari ile, Coaster yetu ilikuwa imejaza kupita viti, trafiki akatusimamisha kabla ya mjini. Mwenyekiti akafungua dirisha: "Shikamoo hutoi, mwanangu?" Trafiki kijana, akababaika, "Shikamoo mama." "Marahaba. Hawa waliosimama wanashuka hapo mbele, wana mgonjwa." Hakukuwa na mgonjwa wala wa kushuka. Tukaruhusiwa. Nikamwambia, Mwenyekiti, si ulisema uongo unaoza mdomoni? Akasema, "Nitasukutua."

Safari yenyewe ndiyo hiyo. Ilikuwa ya siku moja, kikundi kizima, kutembelea makumbusho. Na mvutano ulianza kabla hata ya gari kupatikana.

Tulikaa kikao kwenye darasa la shule ya msingi, tumekunja magoti kwenye madawati ya watoto. Mhazini wetu, mzee mmoja mrefu, mwenye ng'ombe wengi na maneno mengi kuliko ng'ombe, akatoa hoja twende makumbusho mawili: ya kwanza mjini Singida, ya pili yale madogo ya upande wa Iramba, ukishapita Misigiri. Watu wote, safi. Mwenyekiti akasema hapana, ya kwanza yanatosha. Kwa nini? Barabara mbaya. Mhazini akasema barabara ni lami. Basi ni mbali. Si mbali. Basi kule hakuna choo. Watu wakacheka, hata mimi, kwa sababu Mwenyekiti hajawahi kuogopa kichaka.

"Mwenyekiti," Mhazini akasema, "kuna nini kule usichotaka tukione?"

Mimi hapo nikawaka. Nikamwambia mzee, chunga mdomo, hapa unaongea na mwenyekiti wako. Wakapiga kura, tukashindwa, wote wawili. Mwenyekiti alikunja kanga yake mapajani, akaikunjua, akaikunja tena. Mimi nilikuwa nimemtetea bila kujua namtetea kwenye nini, na hata ningejua ningemtetea vilevile.

Makumbusho ya kwanza yalikwenda vizuri. Alikuwa na tabia moja, mtu asipige picha wala kugusa kabla hajasalimia. Tunaingia tu, anasimama mbele ya jiwe la kusagia: "Hiki kitu kimetuzidi umri. Msalimieni." Tukasema shikamoo kwa jiwe. Kigoda, shikamoo. Kibuyu cha maziwa, shikamoo. Wanafunzi wa sekondari waliokuwa mle walicheka mpaka mwalimu wao akawatoa.

Mhazini akakataa. "Mimi, na mvi zangu, niamkie kinu?"

"Kinu hicho kimemlisha bibi yako," Mwenyekiti akamwambia. "Usipokisalimia wewe, nitakisalimia mimi, na nitakiambia umekataa."

Mzee akaangalia huku na huku, akainama kidogo, akasema shikamoo kwa sauti ya chini kama mtu anayetaja deni. Tulicheka, na Mwenyekiti alicheka kuliko wote. Hicho ndicho kilikuwa kicheko chake cha mwisho siku ile.

Tulipofika Misigiri tukasimama kula. Kwa kawaida, mpelekee Mwenyekiti mtu anayeuza vitunguu uone vita. Anabishana na muuzaji mpaka wote wawili wanakuwa ndugu. Siku ile hakushuka garini. Nikampelekea kuku na ugali dirishani, akanirudishia.

"Mwenyekiti, unaumwa?"

"Kiberiti, tukifika, ninaingia peke yangu kwanza. Watu wakisogea, wazuie."

"Nizuie kwa nini?"

"Nimekwambia wazuie."

Basi. Mimi hiyo inanitosha.

Makumbusho ya pili ni jengo la zamani lenye baraza ndefu na vyumba viwili. Alikuwepo dada mmoja anayepokea wageni, Mnyiramba, mpole, akatukaribisha vizuri. Mwenyekiti akamvuta pembeni, wakaingia chumba cha ndani wawili tu. Mimi nikasimama mlangoni, mgongo ndani, uso kwa watu. Hawakukaa sana. Mwenyekiti alipotoka, uso ulikuwa si wake. Nimemwona huyu mama akizika mwanawe, hakuwa na uso ule.

Akasema kwa sauti ya kikao: "Wanaume wote mnabaki barazani. Chumba hiki wanaingia akina mama tu. Mle ndani kuna kitu cha akina mama, na mwanaume wa kwetu hakitazami."

Niwaeleze, kwa wasiojua. Wanawake wa kwetu zamani walikuwa na mambo yao, na vitu vya mambo hayo, ambavyo mwanaume havioni hata kwa bahati mbaya. Jina la kile kitu silitaji, na ukinikaba shingo bado sitalitaja, kwa sababu silijui. Wageni wakikiona haina neno, mgeni ni kipofu hata akiwa na macho. Lakini mwanaume wa Mtinko akikiona, kitu kimekufa, na aliyesababisha kionekane, jina lake linakufa nacho.

Na kitu chenyewe kilikuwa mle, ndani ya kioo, taa inakimulika.

Mhazini akasogea. "Tangu lini nikasafiri kutoka Mtinko kuja kufungiwa mlango na mwanamke?"

"Tangu leo," Mwenyekiti akasema.

"Mimi ni mzee wa ukoo!"

"Ndiyo maana nakuzuia wewe wa kwanza."

Akina mama wakapita, mmoja mmoja, mbele yao yule tuliyemwita Mama Alizeti kwa sababu ana mashine ya kukamua mafuta. Wanaume nyuma wakaanza kelele. Mmoja akasema akina mama wanaficha ushirikina, mwingine akasema hii ni karne gani. Yule dada naye akaja ana wasiwasi, anasema jamani taratibu, vioo vitavunjika. Mimi nimeshika fremu ya mlango mkono huku na mkono huku. Mhazini akaniambia, "Toka, mtoto, wewe ni fundi wa simu, mambo ya mila unayajulia wapi?" Nikamwambia, "Sijui mila, najua mlango. Hupiti."

Akanisukuma. Mzee, lakini wa ng'ombe, ana mikono. Nikateleza, nikaenda nyuma, nikaanguka chali ndani ya chumba.

Hapo ndipo penyewe.

Nilipohisi tu naenda, nilifumba macho. Sikuamua, yalifumba. Kisogo kikagonga sakafu, nikasikia akina mama wanapiga yowe, nikasikia Mwenyekiti anasema, "Usifumbue! Kiberiti, usifumbue!" Nikalala pale kama maiti. Yule dada akanishika mkono, akaninyanyua, akanitoa, mimi nimekaza macho mpaka yananiuma. Barazani wanaume wakaangua kicheko: "Oneni kipofu wa Mtinko!" Nikafumbua, nikamwona Mhazini mbele yangu, na kama si yule dada kunishika shati, siku ile ningempiga mtu mzima na ningelaaniwa mpaka leo.

Akina mama wakatoka. Mle ndani walikuwa wameshaomba kitambaa, wamefunika kioo. Mama Alizeti akasimama katikati ya baraza.

"Hiki si cha Iramba. Hiki ni cha kwetu. Ni kilekile. Kwa miaka yote tunaambiwa kililiwa na mchwa." Akatugeukia. "Nani alikileta huku?"

Upepo ukapiga bati. Nikajiandaa kupigana na yeyote atakayemtaja Mwenyekiti.

"Mimi," Mwenyekiti akasema.

"Si kweli!" Hilo ni langu, nilipayuka.

"Kiberiti, nyamaza. Nimesema ni mimi."

Akasema pale pale, amesimama, hakuomba hata kiti. Kitu kilikuwa kinatunzwa na mama mkwe wake. Mama mkwe akafa, kikabaki kwake, na wakati huo mambo yale yalishaachwa, mabinti wako shule, wenyewe wa kukipokea hawapo. Nyumba ina mchwa, ina watoto wa kiume wanaopanda darini kutafuta mayai. Akaogopa. Wakapita watu wanakusanya vitu vya kale, akawapa kikiwa kimefungwa, kwa ahadi kwamba kitawekwa ndani ya sanduku, stoo, kisifunguliwe. Hakupewa hata shilingi. Aliyeahidi alishastaafu, na mwaka huu wamepanga vyumba upya, aliyefungua sanduku hakujua ahadi yoyote.

"Na sisi hukutuambia," Mama Alizeti akasema.

"Sikuwaambia."

"Ukawa unatuongoza."

"Nikawa nawaongoza."

Hakulia. Nilitaka alie, kusema kweli, kwa sababu angelia wangemwonea huruma. Yeye akasimama vile vile, raba zake zimekanyaga sakafu sawasawa, anajibu kama anayeulizwa majina ya watoto wake. Kurudi, kuku wa Misigiri walipoa kwenye mifuko, hakuna aliyefungua.

Wale wa msibani wanaosema aliuza, walikuwa wapi siku ile? Wengine walikuwemo humo humo kwenye gari. Walisikia kwa masikio yao.

Akina mama wana mahakama yao, na sisi wanaume tunasikia hukumu kama watu wanaosikia mvua kijiji cha pili. Tuliyoyasikia ni haya. Kwanza, uenyekiti basi. Pili, kitu kirudi, kwa njia yoyote. Tatu, atoe kondoo, wafanye yao, wamsafishe. Lakini la tatu lilikuwa na sharti: iwe hakuna mwanaume wa kwetu aliyekiona. Kama yupo, hakuna kondoo duniani anayesafisha. Atakufa akiwa na kosa lake, na akina mama hawatamzika wao, atazikwa na wanaume tu na mabinti zake.

Na mwanaume aliyekuwa ameingia mle ndani ni mmoja.

Mhazini ndiye aliyeeneza kwamba nilikiona. Alisema mtu hawezi kuanguka amefumba macho, hata mbuzi akianguka anafumbua. Ikawa gumzo la mnadani. Wateja wanakuja kibandani simu zao ni nzima kabisa, wanataka tu kunichungulia macho.

Akina mama wakaniita pale kwenye mashine ya alizeti. Wamekaa kwenye mifuko ya mashudu, mimi nimesimama. Nikawaamkia, wakaitikia, lakini ile marahaba ya kulipa tu.

"Ulianguka chali au kifudifudi?" Mama Alizeti akauliza.

"Chali."

"Mtu akianguka chali anaangalia juu."

"Akifumbua."

"Wewe macho yako yanaona skrubu ambayo sisi hatuoni hata kwa miwani."

"Mama, skrubu naitafuta. Kile sikukitafuta."

Wakanong'ona. Halafu akasema taratibu, kama anaongea na wenzake, "Tatizo ni kwamba chungu chenyewe kimeshapata ufa."

Mimi na mdomo wangu: "Kumbe ni chungu?"

Wakacheka! Mmoja akajifunika kanga usoni, mwingine akateleza kutoka kwenye mfuko. Wakanicheka mpaka nikakasirika. Na hapo ndipo nilipojua siyo chungu. Mama Alizeti akajifuta machozi, akasema, "Nenda. Tutakuita." Hawakuniita. Baadaye nikasikia wameniamini, ila wanasubiri kitu kirudi kwanza.

Kurudi kulichukua muda. Yule dada wa makumbusho alitusaidia sana, aliongea na wakubwa wake, na hao wakubwa, niseme haki, hawakuwa wabaya, walikuwa hawajui tu. Kwanza wakakitoa kwenye kioo, wakakirudisha sandukuni. Miezi ikapita. Mwisho akina mama wenyewe wakakodi gari, wakaenda, wakarudi nacho. Wanaume tukaambiwa siku hiyo tukae ndani, tukakaa, hata Mhazini.

Lakini Mwenyekiti alikuwa ameshaondoka Mtinko. Wengine walisema amekimbia aibu. Uongo mwingine huo. Miguu ilimvimba, kifua kikawa kinambana, binti yake akamchukua akakae naye Mandewa, karibu na hospitali. Nilikuwa naenda kumwona nikifuata vipuri mjini. Hakunizungumzisha hata mara moja habari ya kile kitu. Aliniuliza habari za visima, za ng'ombe wa fulani, nani kaoa. Alinituma nimwambie mwenyekiti mpya asianze vikao bila utaratibu.

Siku moja saa nne asubuhi simu yangu ikaita. "Kiberiti. Njoo Mandewa sasa hivi." Akakata.

Nilifunga kibanda, nikaruka bodaboda mpaka stendi, nikapanda gari, nikafika nimejaa vumbi mpaka kwenye kope. Uani kwa binti yake akina mama wa Mtinko wamejaa, wamekaa kwenye mikeka, kondoo amefungwa kwenye nguzo ya kamba ya nguo. Mama Alizeti akanidaka getini, uso umekunjamana.

"Tumefika tangu asubuhi. Hataki kutoka. Anasema hatoki mpaka uje. Mwambie jua halitusubiri."

Nikaingia. Amekaa kwenye kochi, miguu juu ya kigoda, sweta lile lile la kwaya. Amepungua, shingo imebaki mishipa.

"Shikamoo Mwenyekiti."

"Marahaba. Funga mlango. Kaa nikuone."

Nikakaa. Akaniangalia, hana haraka.

"Ulikiona?"

Nilihisi kama nimepigwa kofi. "Hata wewe?"

"Nimekuuliza."

"Wale wameniamini! Wamekuja mpaka na kondoo! Mji mzima umenichunguza macho kama ng'ombe wa kuuzwa, nimevumilia kwa ajili yako, leo wewe ndiye..." Nilikuwa nimeshasimama, nafoka, najua nje wanasikia.

Hakuinua kidole. Alisubiri nimalize.

"Wao wamekuamini kwa sababu hawakujui," akasema. "Mimi nakujua. Wewe ungeongopa kwa ajili yangu mbele ya Biblia na mbele ya Msahafu, na usingizi ungelala. Sasa mimi siwezi kutoka pale nje nikasafishwa kwa uongo wako. Nikishasafishwa kwa uongo nitakuwa nimewaibia mara ya pili. Kama ulikiona, niambie, nitawaambia wafungue kondoo wao warudi nyumbani. Nitakufa nalo. Sitakukasirikia."

Nje kondoo akalia. Mimi nikakaa chini. Hasira ilikuwa imeniisha ghafla.

"Mwenyekiti," nikamwambia, "ningekuwa nimekiona, wale nje ningewadanganya. Ni kweli. Ningewadanganya mpaka siku ya mwisho. Lakini wewe ningekwambia."

"Ungeniambia?"

"Ningekwambia siku ileile, garini."

Kifua chake kinapanda na kushuka kwa shida. Halafu akashusha mguu mmoja kutoka kwenye kigoda, akashusha na wa pili.

"Nipe raba zangu."

Nikazitafuta chini ya kochi, nikamvalisha, miguu imevimba haiingii vizuri, nikalegeza kamba zote. Akanishika bega, akasimama. Alikuwa mwepesi. Nikamfikisha mlangoni, na hapo akaniondoa mkono, akafunga vizuri kanga yake, akatoka peke yake. Wale akina mama walikuwa wanaongea wote kwa pamoja, wakanyamaza wote kwa pamoja. Akashuka ngazi moja, akashuka ya pili. Mama Alizeti akanyanyuka kwenye mkeka, akaenda kumpokea kwa mikono miwili.

Mimi nikawa nimesimama natazama. Mama Alizeti akaniona.

"Na wewe unasubiri nini? Toka hapa! Nenda huko, usirudi mpaka tukuite!"

Nikatoka, mbio mbio. Nikaenda mpaka duka la kona, nikakaa kwenye kreti la soda. Nyuma ya nyumba vigelegele vikaanza, halafu wimbo ambao sijawahi kuusikia, sauti za wamama wazima, na katikati yake moja imekwaruza, inatangulia wenzake nusu neno. Mtaa mzima wa Mandewa ukasimama kusikiliza.

Muuza duka akachungulia dirishani kwake. "Fundi, wewe si umetokea kule? Wanafanya nini?"

"Sijui," nikamwambia. "Nipe soda."